Upasuaji wa kupunguza uzani: Bima zinapoita tiba urembo

KATIKA mikataba mingi ya bima ya matibabu inayouzwa jijini Nairobi, upo ukurasa ambao wateja hawausomi hadi siku wanapougua. Ni ukurasa wa mambo ambayo kampuni haitalipia. Humo, baina ya majeraha ya kujitakia na matibabu ya urembo, mara nyingi huwa kumepachikwa maneno machache kuhusu kupunguza uzani.

Maneno hayo machache ndiyo yanayoamua hatima ya mgonjwa ambaye daktari wake ameshafikia uamuzi. Daktari wa kisukari ameandika barua, daktari wa upasuaji amekubali, mtaalamu wa lishe ametoa rekodi ya mwaka mzima ya juhudi zilizogonga mwamba. Kutoka hospitali za kibinafsi za Parklands hadi Upper Hill, ambako kampuni nyingi za bima zina makao, ni safari ya kilomita chache tu. Lakini karatasi zinaposafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine, ugonjwa hubadilika njiani ukawa urembo.

Hilo ndilo tatizo, na si dogo kama linavyoonekana. Kampuni haimwambii mgonjwa kwamba hafai kufanyiwa upasuaji. Wala haibishani na vipimo vyake. Inachosema ni kwamba aina hiyo ya huduma haimo, basi. Uamuzi umepitishwa kabla ya faili kufunguliwa.

Sehemu ya lawama inaiangukia jamii yenyewe, na hata lugha. Kiswahili cha mitaani kina kawaida ya kumsifu mtu aliyenenepa kwa kumwambia kuwa siku hizi ana afya. Anayerudi kijijini kutoka Nairobi akiwa amekonda huulizwa kama kazi imekwisha. Katika miaka ya 80 na 90, wakati ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza watu katika eneo zima la Maziwa Makuu, kukonda kulikuwa tangazo la kifo, na kitambi kikawa cheti cha uzima. Katika mazingira hayo, si ajabu kwamba anayeomba pesa za kupunguziwa uzani huonekana kama mtu aliyeshiba hadi akakosa la kufanya.

Takwimu zinasimulia hadithi nyingine. Utafiti wa Hali ya Idadi ya Watu na Afya (KDHS) wa 2008-09 ulipata kuwa mwanamke mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Kufikia utafiti wa 2014 idadi hiyo ilikuwa imefika asilimia 33, na katika Kaunti ya Nairobi ilikuwa karibu nusu. Utafiti wa 2022 ulitaja asilimia 45 miongoni mwa wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49. Makundi ya umri katika tafiti hizo hayalingani sawasawa, kwa hivyo si haki kuzipanga kama ngazi za jengo moja, ila mwelekeo hauna shaka.

Hata hivyo, wengi wa hao hawahitaji kisu. Upasuaji unaozungumziwa hapa ni wa wachache waliofika mahali ambapo uzani wenyewe umekuwa chanzo cha maradhi mengine: kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, magoti yaliyochakaa, au kukatikiwa na pumzi usingizini.

Madaktari hupima kwa kugawanya uzani wa mtu katika kilo kwa urefu wake katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mathalan, mtu mwenye urefu wa mita 1.65 na uzani wa kilo 110 hupata kipimo cha takriban 40. Akiwa na kilo 96, hupata takriban 35. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani mnamo 1991 uliweka namba hizo mbili kuwa mipaka: 40 kwa yeyote, au 35 kwa aliye na ugonjwa mzito unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vikuu vya madaktari wa upasuaji huo, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilishusha mipaka hiyo hadi 35 kwa yeyote na 30 kwa wenye maradhi kama kisukari.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa njia kadhaa, na mbili ndizo maarufu zaidi. Ya kwanza ni kukata na kuondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula tumboni, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Ya pili ni kuunganisha sehemu ndogo ya juu ya mfuko huo moja kwa moja na utumbo, chakula kikapita njia ya mkato. Katika njia zote mbili mgonjwa hula kidogo, na homoni zinazotawala njaa na sukari hubadilika. Mabadiliko hayo ya homoni ndiyo yanayowafanya madaktari wa kisukari kuuchukulia upasuaji huu kama tiba ya ugonjwa wao, wala si jambo la umbo.

Ushahidi si haba. Nchini Uswidi, watafiti walianza mwaka 1987 kuwafuatilia zaidi ya watu 4,000 wanene, takriban nusu yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji na nusu wakiwa wamepewa matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa 2007, baada ya wastani wa karibu miaka 11, yalionyesha kuwa hatari ya kufa miongoni mwa waliopasuliwa ilikuwa chini kwa asilimia 29, tofauti za umri na nyinginezo zikishazingatiwa. Katika jaribio jingine, lililoongozwa na madaktari wa Cleveland, Marekani, wagonjwa 150 wa kisukari waligawanywa katika makundi matatu. Baada ya miaka mitano, waliofikia kiwango cha sukari kilicholengwa walikuwa asilimia 5 ya waliotumia dawa pekee, asilimia 23 ya waliokatwa mfuko wa chakula na asilimia 29 ya waliowekewa njia ya mkato.

Takwimu hizo za Cleveland zinafaa kusomwa pande zote mbili. Zinaonyesha kuwa kisu kinashinda vidonge kwa mbali. Zinaonyesha pia kuwa zaidi ya thuluthi mbili ya waliopasuliwa hawakufikia lengo hilo. Anayeahidi miujiza anauza kitu kingine.

Na wauzaji wa vitu vingine wako wengi Nairobi. Mitandao ya kijamii imejaa matangazo ya kliniki za Kilimani na Westlands zinazonyonya mafuta mwilini, kuchonga viuno na kuhamisha nyama kutoka mahali pamoja hadi pengine. Huo ndio urembo. Haumwondolei mtu kisukari, wala haudai kufanya hivyo. Mnamo Oktoba 2024, baada ya mwanamke mmoja kufariki kufuatia upasuaji wa aina hiyo, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) lilifunga kliniki iliyohusika. Mjadala uliofuata ulichanganya kila kitu katika kapu moja, na ofisa wa bima aliyekuwa akitafuta sababu ya kukataa ombi la mgonjwa wa kisukari akaipata bila jasho.

Idhini hutafutwaje? Hospitali kubwa zina dawati la bima ambalo hujaza fomu ya ombi kabla ya mgonjwa kulazwa. Fomu hutaja ugonjwa, jina la upasuaji, siku za kulazwa na makadirio ya gharama. Kampuni hujibu kwa barua ya kukubali kulipa, kwa maswali zaidi, au kwa kukataa. Kwa upasuaji wa nyongo au ngiri, jibu laweza kuja siku hiyo hiyo. Kwa upasuaji wa uzani, faili huzunguka.

Hapa ndipo maneno ya fomu yanapokuwa na uzito kuliko mgonjwa mwenyewe. Ombi lililoandikwa kwamba mgonjwa anataka kupunguza unene limekwisha kufa. Lililoandikwa kwamba ana kisukari kisichodhibitika licha ya dawa za aina tatu, na lililoambatishwa vipimo vya sukari vya miezi kadhaa, ripoti ya kupumua usingizini, barua ya mtaalamu wa lishe na tathmini ya mwanasaikolojia, angalau litamfikia daktari wa kampuni badala ya kukwamia kwa karani. Ila hata huyo daktari amefungwa mikono na mkataba. Anachoweza, mara chache, ni kupendekeza malipo ya hisani, yaani kampuni itoe sehemu ya fedha bila kukiri kwamba inadaiwa. Mgonjwa hawezi kuidai hisani, kwa kuwa haimo katika mkataba.

Wanaokataliwa hawakati tamaa wote. Wapo wanaochukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo, wapo wanaouza kiwanja, na wapo wanaofungua kundi la mchango kwenye simu. Mchango wa saratani hujaa upesi. Wa kupunguza uzani huzaa vicheko, na wahusika hulazimika kuandika tu kwamba mtu wao anafanyiwa upasuaji wa tumbo.

Si haki kuzifanya kampuni za bima kuwa mashetani katika kisa hiki. Hesabu zao zina mantiki. Mkataba wa kikundi unaonunuliwa na mwajiri hudumu mwaka mmoja. Upasuaji hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi leo, ilhali faida yake, yaani dawa zisizonunuliwa na kulazwa kusikotokea, huonekana baada ya miaka mitatu, mitano au kumi. Kufikia wakati huo mwajiri ameshahamia kampuni nyingine iliyompunguzia bei, au mfanyakazi ameshabadilisha kazi. Kampuni iliyolipa imepanda mti ambao kivuli chake kinakaliwa na mshindani.

Isitoshe, ipo hofu kwamba kampuni ya kwanza kufungua mlango huo itawavuta wagonjwa wote wenye haja hiyo, huku wenzake wakibaki na wateja wenye siha. Na upasuaji wenyewe hauishi siku ya kushonwa. Mgonjwa huhitaji vitamini maisha yake yote, vipimo vya damu kila mara, na pengine kurudi chumba cha upasuaji iwapo mshono utavuja. Kampuni inayoogopa kufungua hundi isiyo na kikomo haijatoa hoja ya kipuuzi.

Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba gharama haitoweki kwa kukataliwa. Inahamia kwingine, na Wakenya wote huishia kuilipia.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyokuwapo tangu 1966. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Anayelipwa Sh100,000 kwa mwezi hutoa Sh2,750, ilhali chini ya NHIF kiwango cha juu kabisa kilikuwa Sh1,700. Mfanyakazi wa ofisi za Westlands, kwa hivyo, hulipia bima mara mbili: ile ya mwajiri, na hii ya lazima.

SHA ilipoanza, iliweka malipo ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo kuwa Sh10,650 kwa kila kipindi. Mgonjwa anayesafishwa mara mbili kwa wiki hutumia vipindi 104 kwa mwaka, ambavyo ni Sh1,107,600. Mwaka unaofuata hesabu huanza upya. Kisukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya figo kufa. Si kila mnene huishia kwenye mashine hiyo, na si kila aliyepasuliwa huiepuka. Lakini kampuni inayokataa gharama ya mara moja kwa mtu mwenye umri wa miaka 38 yaweza kuwa inaiachia serikali gharama ya kila mwaka kwa mtu huyo huyo akiwa na miaka 50.

Kuhusu SHA yenyewe, mchangiaji ana silaha ambayo mteja wa kampuni ya kibinafsi hana kwa urahisi huo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inatoa nafasi kwa jopo la kushauri kuhusu huduma na viwango vya malipo, na pia imeunda jopo la kusuluhisha mizozo. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa yeyote ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Haki ya afya imo katika Kifungu cha 43. Ofisi ya umma inayosema "haimo" bila kueleza ni kwa nini haimo, ina deni la maelezo.

Ni wachache wanaolidai deni hilo. Mkazi wa Kawangware au Kangemi anayepimwa sukari katika zahanati ya mtaa huenda asisikie kabisa kwamba upasuaji huu upo, sembuse kuandika barua ya rufaa Upper Hill. Atapewa vidonge, na ushauri wa kutembea, kana kwamba hatembei kila siku hadi kazini.

Kinachohitajika kimeshafanywa mahali ambapo Wakenya wengi wanapajua vizuri, yaani India. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Nairobi wamekuwa wakipanda ndege kwenda Mumbai, Chennai na Delhi kutafuta matibabu ya moyo, figo na saratani, na upasuaji wa uzani ni miongoni mwa yale yanayowapeleka. Wachache wanajua kwamba mwaka 2019 mamlaka inayosimamia bima nchini humo ilizitaka kampuni zote ziandike kwa maneno yale yale mambo ambayo hayalipiwi katika bima za afya.

Kipengele cha unene kiliandikwa kwa namna ambayo mawakili wa Nairobi wangefaa kukisoma. Hakisemi kwamba upasuaji haulipiwi. Kinasema haulipiwi usipotimiza masharti, kisha kinayataja: uwe umependekezwa na daktari, uzingatie utaratibu wa kitabibu, mgonjwa awe na umri wa miaka 18 au zaidi, kipimo chake kiwe 40 au zaidi, ama 35 akiwa na ugonjwa mzito kama kisukari kisichodhibitika, maradhi ya moyo au matatizo makubwa ya kupumua usingizini, na awe amejaribu njia nyepesi zikashindwa.

Tofauti baina ya mtindo huo na wa Kenya ni kubwa. Wa Kenya huuliza jina la upasuaji. Wa India huuliza hali ya mgonjwa. Na kwa kuwa masharti ni yale yale kwa kampuni zote, hakuna inayoachwa peke yake kubeba wagonjwa waliokataliwa na wenzake, jambo ambalo ndilo hofu kuu ya wenye kampuni.

Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA) haihitaji kungoja Bunge ili kuanza. Kampuni haziruhusiwi kuuza bima mpya kabla ya mamlaka hiyo kuikagua, kwa hivyo ukurasa ule wa mambo yasiyolipiwa hupita mezani pake. Yaweza kuutaka useme waziwazi kuwa kunyonya mafuta si kitu kimoja na kutibu kisukari. Yaweza pia kutaka kila barua ya kukataa itaje sharti ambalo mgonjwa hakulitimiza, ili ajue kama arudi baada ya miezi sita au asirudi kabisa.

Kampuni zitasema kuwa dawa mpya za sindano za kupunguza uzani zitaufanya mjadala huu upitwe na wakati. Mnamo Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizo katika orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walio na unene. Ni habari njema, lakini bei yake iko mbali na mifuko ya wengi, uzani hurejea kwa wengi wanapoziacha, na kipengele kile kile kinachokataa upasuaji kwa kisa cha uzani huzikataa nazo. Mgonjwa amehamishiwa mlango mwingine wenye kufuli moja.

Kwa sasa, njia iliyo wazi zaidi inapitia kwa mwajiri. Bima za vikundi hujadiliwa upya kila mwaka baina ya idara ya wafanyakazi, wakala wa bima na kampuni, na hapo kila kipengele kina bei yake. Kampuni iliyokataa kumlipia mtu mmoja yaweza kukubali kuweka kiwango maalumu kwa wafanyakazi 400, mradi masharti yaandikwe na ada iongezwe kidogo. Waajiri wamezoea kupigania miwani, meno na uzazi katika kikao hicho. Uzani hautajwi, kwa sababu wenye haja nao huona haya kuupeleka kwa meneja, na mwakilishi wa wafanyakazi, akiwapo, hajaambiwa. Aliyekataliwa mwezi Mei hana budi kungoja kikao kijacho, na mara nyingi tarehe yake huwa hajaijua.